Namna ya kuwapatanisha wasasi wa mbwa na wasasi wa kuotea

Mimi ni mwoteaji. Baba yangu alinifundisha kukaa chini ya mkuyu tangu saa kumi alfajiri, mgongo nimeuegemeza kwenye jiwe, upepo unanipiga usoni, bila kukohoa wala kuua mbu. Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, ni msasi wa mbwa. Ana sita sasa, na zamani aliwahi kufuga 11. Tuligombana mimi na yeye mpaka mke wangu akakaa miezi miwili hajui aende kwao na uso gani. Ninayoyaeleza hapa ndiyo yaliyotutoa kwenye ugomvi ule, na baadaye kijiji chetu chote kikayachukua. Tuko kusini ya Unguja, katika ardhi ya maweni, chini ya msitu wa Jozani.

Siku yenyewe ilikuwa Jumapili. Nilikuwa na siku ya tatu namvizia nguruwe dume aliyekuwa akiingia katika mihogo ya mjane mmoja jirani yetu. Kumekucha kidogo, weupe wa kuweza kuona mkono wako, nikasikia majani makavu yanavunjika upande wa kushoto. Nikainua gobori. Kidole kiko kwenye mtambo. Kichaka kikafunguka, kikatoka kichwa cha mbwa. Na nyuma yake, kauinamisha mgongo apite chini ya miiba, mtoto wa shemeji yangu mwenye miaka 14, panga mkononi. Sijapata kutetemeka vile. Nikasimama nikampigia kelele yule mtoto, baba yake akatokea akanipigia kelele mimi, na nguruwe akenda zake. Basi kama na kwenu mnagombana kwa sababu mnyama amekimbia, jueni kwamba mnyama ni jambo dogo. Anzeni na hilo la mtoto.

Kabla hujawaita watu wakae pamoja, zungukia nyumba kwa nyumba, usikilize kila upande peke yake. Watu wawili waliokasirika wakikaa kwenye mkeka mmoja siku ya kwanza hutetea heshima zao tu. Waoteaji na watu wa nyavu watakwambia kwamba mbwa wakipita mara moja, mahali pale hapafai tena kwa siku mbili tatu. Kwamba mbwa hajui mpaka wa shamba. Kwamba anamuua paa jike mwenye mimba sawasawa na dume. Kwamba anakunywa katika pango la maji. Wasasi wa mbwa nao wana yao, na ni ya kweli: mbwa wao wananaswa kwenye tanzi za waya, wengine wanapigwa risasi na hakuna anayesema ni yeye, watu wanaingia na bunduki porini bila kumwambia mtu, na wakulima wanawafuata mlangoni nguruwe wanapozidi, wakishapungua wanawaita watu wa najisi. Hili la mwisho liliniuma niliposikia kwa shemeji, maana nilishalisema kwa mdomo wangu.

Yaandike yote. Usimpelekee huyu maneno ya yule. Unachotafuta katika mizunguko hiyo ni kitu kimoja: pale ambapo huyu anamhitaji yule. Kwetu kilikuwa ni mnyama aliyejeruhiwa. Ukimpiga nguruwe kwa gobori asife papo hapo, anaingia kwenye mashimo ya maweni na huwezi kumpata. Utaona tone la damu hapa, tone pale, kisha jiwe tupu. Mbwa anampata. Na msasi wa mbwa naye anapoteza asubuhi nzima kuzungusha mbwa mahali pasipo na kitu, wakati mwoteaji anajua nguruwe wamelala wapi, wamepita njia gani, wangapi wana watoto. Kila mwoteaji niliyemuuliza alikiri ameshapoteza mnyama wa damu. Kila mwenye mbwa alikiri ameshazunguka bure. Hapo ndipo pa kushika.

Sasa waiteni. Barazani, si ofisini, baada ya sala ya alasiri, na isiwe siku ya msako, kwa sababu watu wametoka porini na damu imechemka. Awepo sheha, yaani kiongozi wa serikali hapo kijijini, awepo mtu wa kamati ya uhifadhi ya kijiji, na aongoze mzee ambaye hana mbwa wala bunduki. Mbwa wabaki nyumbani. Kahawa iwepo. Na waiteni wanawake wenye mashamba. Tafadhali msilipuuze hili. Mihogo inayoliwa na nguruwe, mingi wamepanda wao, na ndio wanaojua tarehe na saa. Kikao chetu cha kwanza kilikwama mpaka mama mmoja aliposema, "Nyinyi mnagombania nani amtie mkono nguruwe, na mimi tangu vuli sijachimba hata mhogo mmoja." Wanaume wakanyamaza.

Mazungumzo yaanze na sheria, ili watu wasipatane juu ya kitu kisichoruhusiwa. Silaha ina leseni yake na usasi una kibali chake. Sheha atakuelekeza kwa watu wa misitu. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, hakuna kusasa, kwa mbwa wala bila mbwa. Chora mpaka huo mapema na uwe wazi kwa kila mtu.

Halafu siku. Sisi tuligawa hivi: Jumatano na Jumapili ni za mbwa, kuanzia kupambazuka mpaka adhuhuri, na siku hizo hakuna mtu kuotea na bunduki popote katika eneo letu. Jumatatu, Alhamisi na Ijumaa haingii mtu. Siku zilizobaki ni za waoteaji na wa nyavu. Mkichagua siku zenu, wekeni angalau siku moja ya kimya baina ya mbwa na mwoteaji, kwani hicho ndicho mwoteaji anachokinunua katika mapatano haya. Mkimpa siku inayofuata ya mbwa ni sawa na kumpa kikapu kitupu. Na mgawanyo wa siku una nguvu kuliko mgawanyo wa ardhi. Tulijaribu ardhi kwanza, ikashindikana kwa wiki tatu tu: mbwa akishika harufu hasomi ramani. Ardhi itumieni kwa yale mahali pa kudumu tu, yaani mapango ya maji, makaburi, mashamba yenye mazao, na kule wanakoshinda kima punju, yaani kima wekundu wa Unguja, jambo nitakalolirudia. Mipaka itajeni kwa vitu vinavyoonekana: ukuta wa mawe wa shamba la fulani, mbuyu uliopigwa radi, njia ya gari la ng'ombe.

Ishara nazo ni muhimu. Mwenye mbwa akiingia apige pembe mara tatu, akitoka apige mara moja ndefu. Asiye na pembe apige mbinja au apige debe. Penye mdomo wa njia afunge kitambaa chekundu, akitoka akifungue. Kitambaa kilichosahaulika hakiaminiwi tena wiki ijayo. Mbwa anayetangulia avae kengele ndogo shingoni. Wenye mbwa wengi watakataa, watasema mnyama atasikia. Mnyama ameshasikia mbwa wanaohema na watu wanaokata miti; kengele ile ni kwa ajili ya binadamu mwenye bunduki. Shemeji alikataa kengele mpaka nilipomkumbusha mwanawe alitokea upande gani. Hakubisha tena.

Sasa mnyama ni wa nani. Hapa kaeni muda mrefu, msikubali maneno ya juu juu. Kwetu aliyetoa damu ya kwanza ndiye mwenye mnyama maadamu anamfuata. Akiacha kumfuata akarudi nyumbani, haki imekwisha. Akiomba mbwa wamtafutie, mwenye mbwa anapata nusu. Hakuna cha kupimana nani alifanya kazi zaidi. Mbwa wakimtimua mnyama akaingia kwenye wavu wa mtu, nusu kwa nusu pia. Kama ni nguruwe, ambaye sisi hatumli, mgao ni wa ile fedha ya shukrani wanayochanga wenye mashamba. Ikabidhiwe kwa sheha kwanza, mbele ya watu, siyo mkononi mwa msasi mmoja njiani.

Kama kibali kinaruhusu mnyama wa kuliwa, kuna jambo la dini lisiloepukika. Sura ya Al-Maida, aya ya 4, inaruhusu kula kilichokamatwa na mnyama wa kuwindia aliyefundishwa, na jina la Mwenyezi Mungu litajwe. Aliyefundishwa ni yule anayekwenda akitumwa, anayesimama akizuiwa, na asiyekula alichokikamata. Na Mtume, rehema na amani zimfikie, alimfundisha Adi bin Hatim kwamba ukimkuta mbwa mwingine pamoja na wako, na hujui yupi aliyeua, usile, kwa kuwa jina ulilitaja juu ya mbwa wako tu. Mzee wetu aliposoma hilo barazani, ugomvi wa makundi mawili ya mbwa kuchanganyika ulikwisha hapo hapo. Kila kundi lina asubuhi yake, na mnyama akifikiwa yu hai anachinjwa. Nasema hivi kwa kuwa nimeona vikao vikijadili nyama saa nzima, na imamu wa kijiji kakaa kando hajaulizwa.

Maji vilevile. Sisi watu wa madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, chombo huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Pango la maji huwezi kuliosha mara saba. Kwa hiyo kila mwenye mbwa abebe dumu lake la maji na bakuli la mbwa, na kwenye mapango wekeni mlango wa miti. Ni kazi ya siku moja na inaondoa nusu ya matusi.

Nije kwenye tanzi, maana hapo ndipo tulipokaribia kumwagana damu. Wiki mbili baada ya Jumapili ile, mbwa wa shemeji anayeitwa Tabu alikosekana. Walimkuta siku ya pili, mguu wa mbele wa kushoto umekazwa na waya mpaka kwenye mfupa, ameuguguna mti mpaka ukawa mweupe. Waya ulikuwa wa breki ya baiskeli. Na baiskeli yangu, iliyoegemea ukuta wa nyumba kila mtu akiiona, haikuwa na waya wa breki ya nyuma. Ulikatika mwaka uliotangulia. Nani angeniamini?

Kwa hiyo ukimkuta mbwa kwenye tanzi, fanya hivi. Mfunike kichwa kwa shati au kanga, kwa kuwa mbwa mwenye maumivu humuuma hata bwana wake. Usivute. Kata waya karibu na mti kwanza ili mkazo ulegee, ndipo ufungue fundo la mguuni taratibu. Safisha, funga, mpeleke kwa mganga wa mifugo. Kisha chukua waya wote, na kipande cha mti ulipofungwa, upeleke kwa sheha bila kumtaja mtu. Usiende na waya nyumbani kwa unayemshuku. Shemeji alikuja nao kwangu usiku, na kama mke wangu asingesimama mlangoni baina yetu, leo nisingekuwa naandika. Mwenye tanzi alijitokeza kikao cha pili. Kijana mdogo, akasimama akasema, "Ni mimi, ami," hakuongeza neno. Tulimtoza gharama ya dawa na siku nne za kung'oa tanzi porini pamoja na wenye mbwa. Alitoa nyingi kuliko alizozitega yeye.

Msimamo wangu kuhusu tanzi za waya ni kwamba zisiwemo katika mapatano kabisa. Mwoteaji anaona anachokipiga, mwenye mbwa anaweza kumwita mbwa wake, mwenye wavu yuko pale pale anaweza kufungua. Waya uko peke yake usiku kucha na haumjui mbwa, mbuzi wala paa nunga.

Na paa nunga ndiye sababu nyingine ya kufanya haya yote. Yuko Unguja, na katika misitu michache ya pwani ya Kenya, basi. Wa kisiwa cha Chumbe walipelekwa kutoka hapa kwetu. Mfundisheni kila mtoto kumtambua: rangi ya kutu, miguuni ana madoa meupe kama aliyekanyaga chokaa, na makalioni ana mkanda mweupe mpana. Hasasiwi kwa njia yoyote. Mbwa hamtambui, kwa hiyo lazima bwana wake aepuke anakopatikana. Paa nunga hutembea chini ya kima, akiokota matunda, maua na majani wanayoyaangusha. Ukisikia kima juu, zuia mbwa, wafunge kamba, zunguka mbali. Hii ndiyo kanuni moja ambayo wenye mbwa wetu waliipendekeza wenyewe, na ninawaheshimu kwa hilo. Babu zetu walimjua chui wa Unguja; baada ya Mapinduzi ya 1964 alisakwa kila pembe ya kisiwa, na mimi sijapata kuona hata unyayo wake.

Mbwa ambaye haitiki akiitwa asiingie porini. Mjaribuni hadharani: mfungueni mbele ya kipande cha nyama, aitwe na bwana wake akiwa hatua 50. Akija bila kuigusa, amepita. Akishindwa, arudi kufundishwa, na hakuna kumcheka mwenyewe. Sita wa shemeji walipita wanne.

Wageni kutoka mjini ni shughuli ya peke yake. Wanafika na gari kabla ya jua, mbwa 20 au zaidi, hawajui pango liko wapi wala nani yuko shambani. Msiwafukuze kwa mawe kama tulivyofanya mwaka mmoja, kioo kikavunjika tukalipa sisi. Wapitie kwa sheha kwanza na kibali mkononi, waje siku za mbwa tu, wafuatane na msasi mmoja wa mbwa na mwoteaji mmoja wa kijijini, na mbwa wahesabiwe wanaposhuka garini na wanapopanda. Kuhesabu huku kunaonekana kitu kidogo. Mbwa mmoja aliyeachwa na kundi la wageni aliua mbuzi watano kwetu kabla hajakamatwa, na lawama zote zilimwangukia shemeji, ambaye mbwa wake walikuwa wamefungwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni sharti la kuingia porini, kuanzia mbwa akiwa na miezi mitatu, na kurudiwa kila mwaka. Cheti kionyeshwe kwenye kikao. Mtu akiumwa, mbwa awe wa nani awe, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo. Ugomvi wa nani alimchokoza mbwa ungoje.

Mkishakubaliana, andikeni ukurasa mmoja, si zaidi, usomwe kwa sauti, watie saini au dole gumba wote, nakala moja kwa sheha, moja kwa kamati, moja ibandikwe dukani. Usomeni tena kabla ya mvua za vuli, wakati watu wanapanda na nguruwe wanaanza kushuka. Faini ziwe ndogo ambazo mtu ataweza kulipa; faini kubwa hailipwi, na isiyolipwa inaua karatasi nzima. Kosa la mara ya tatu, mtu anapoteza msimu.

Na mbwa aliyepotea akiingia uani kwako, mfunge kivulini, mpe maji katika chombo cha kando, tuma mtoto kwa mwenye mbwa aliye karibu. Kwetu huwa hafiki magharibi kabla bwana wake hajaja. Tabu ameshalala uani kwangu mara mbili, anatembea kwa miguu mitatu, na bado ndiye anayetangulia kushika damu.